Kwa nini amani inakuja kabla ya sadaka

Kuanzia Oktoba kanisa letu hunukia mabibo. Mikorosho imelizunguka pande tatu, na msimu ukikolea mabibo huangukia hadi kwenye ngazi za mlango, yanakanyagwa, yanachacha, na harufu yake tamu-chungu inaingia mpaka madhabahuni. Ukifika wakati wa kupeana amani huwa nashuka kupita katikati ya mabenchi. Mikono ninayoishika msimu huo naijua. Vidole vya kina mama wanaobangua korosho majumbani vimebabuliwa na mafuta ya ganda. Ngozi ya ncha za vidole inabanduka vipande vipande, na chini yake kuna wekundu ambao mtu anajitahidi usikuguse. Hata hivyo wananyoosha mkono. "Amani ya Bwana iwe nawe, Padre." "Iwe nawe pia, mama."

Nafundisha liturujia, yaani utaratibu wa ibada, kwa makatekista wa Kianglikana hapa Masasi, na kila mwaka swali hilihili hurudi: kwa nini amani tunaiweka katikati ya Misa? Kwa nini tusisalimiane mwishoni tukitoka, kama watu wote? Wengine wanaona inakata ibada. Watu wanazungukazunguka, watoto wanachangamka, kwaya inapata nafasi ya kunong'ona, halafu ndipo tunaanza tena na sadaka.

Mimi naamini pale ndipo ibada inapopimwa.

Mpangilio huu ni wa kale sana. Mwaka 155 hivi, mwalimu mmoja Mkristo aliyeitwa Justin, aliyekuwa akiishi Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kumweleza Wakristo wanafanya nini wakikusanyika. Anasema wakimaliza maombi husalimiana kwa busu, ndipo mkate na kikombe vinaletwa kwa kiongozi wa ibada. Mbele kidogo anaeleza kwamba wenye uwezo hutoa kila mmoja kama apendavyo, na kinachokusanywa kinawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Salamu, kisha meza, kisha mjane. Katika maelezo yake mambo haya yanakwenda kwa pumzi moja.

Ukihudhuria Misa kwa ndugu zetu Wakatoliki, pale Ndanda kwa mfano, utaona wao hupeana amani baada ya Baba Yetu, karibu na komunyo. Nao wana sababu nzuri: umetoka kusema "utusamehe kama tunavyowasamehe", basi mgeukie jirani yako kabla hujapokea. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliijua amani ikiwa mahali hapo. Sina ugomvi na desturi hiyo. Yetu inashika neno lingine la Bwana, lile la Mathayo 5: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Soma tena maneno "ana neno juu yako". Wengi wetu tunayasikia kinyume, kana kwamba Yesu amesema "ukikumbuka kuwa una neno juu ya ndugu yako". Hakusema hivyo. Mwenye neno ni yule mwingine. Wewe uliyeshika bahasha ndiye unayedaiwa kutembea.

Kosa hili la usomaji limeumiza watu, na nitalisema wazi. Nimeona mke aliyepigwa akiambiwa na wazee, mstari huuhuu ukiwa mkononi, arudi nyumbani akapatane kwanza na mumewe ndipo apokee komunyo. Huko ni kuligeuza Neno kuwa fimbo ya pili. Mstari unamwambia mpigaji. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba kuna mtu ana neno juu yake, yeye ndiye aache sadaka, atoke, akaombe radhi, na akubali yote yanayofuata, hata kama yanaishia kituo cha polisi. Aliyepigwa hakuambiwa atoke popote. Akae, apokee, na kanisa limlinde.

Sasa nisimulie jambo moja. Mwenyewe ameniruhusu, ila bila jina.

Ni mzee wa kanisa letu, mtu anayetoa zaka bila kukumbushwa. Jirani yake, Muislamu, walikua pamoja na wamezikana wazazi. Miaka mitatu nyuma mke wa jirani alihitaji upasuaji, na jirani akaweka rehani mikorosho yake 30 kwa shilingi 300,000. Waliandikishana kwenye karatasi ya daftari, dole gumba huku, sahihi huku, mashahidi wawili. Sharti lilikuwa lile linalojulikana huku kwetu: mpaka fedha irudi, mavuno ni ya mwenye fedha.

Piga hesabu. Mkorosho uliotunzwa hukupa kilo 8, hata 10. Miti 30 ni kama kilo 240. Kilo ikienda mnadani kwa shilingi 2,000, hiyo ni 480,000 kwa msimu mmoja. Toa gharama ya palizi na ya dawa ya salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, bado deni lilikaribia kujilipa tangu msimu wa kwanza. Lakini karatasi ilihesabu noti, haikuhesabu korosho, na jirani bila mikorosho yake hakuwa na mahali pa kuzipata noti. Mzee akavuna msimu wa pili. Akaingia wa tatu. Hakuvunja mkataba hata mstari mmoja.

Jumapili hiyo nilikuwa nimehubiri Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Niliwafafanulia kwa kipimo cha kibarua. Dinari moja ni ujira wa siku. Dinari 100 ni siku 100, kazi ya msimu mmoja shambani, deni la kweli ambalo mtu akijibana analipa. Talanta moja ni dinari zipatazo 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni siku milioni 60, zaidi ya miaka 160,000 ya kupalilia bila kupumzika hata Jumapili. Hakuna ukoo wa kulipa deni hilo. Ndiyo maana mfalme hakumwongezea muda, alilifuta.

Tukapeana amani. Nilipofika kwenye benchi la mzee nikakuta bahasha yake ya sadaka peke yake, na kofia.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili. Jirani alikuwa uani akichambua mihogo.

"Leo Jumapili, mzee mwenzangu. Hujaenda kanisani?"

"Nimetoka huko, na ninarudi. Nimekuletea karatasi yako."

Jirani aliishika, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maneno mengine upande wa pili. Kisha akauliza kitu cha mkulima: "Na msimu huu? Korosho ziko chini ya miti."

"Okota."

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu neno neema kwa Kiswahili lina mtego. Tunasema "mwaka wa neema" tukimaanisha mvua ilikuja vizuri, maua hayakuungua, maghala yamejaa. Neema kwetu ni shibe. Maana hiyo si mbaya, Mungu ndiye mwenye mvua. Lakini ukiibeba hiyo peke yake kwenye barua za Paulo, utafikiri mwenye ghala tupu hana neema, na wapo wahubiri wanaolisema hilo kwa vipaza sauti. Paulo anaiweka neema kwenye uwanja wa madeni. Warumi 4: "kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Na katika Luka 7, Yesu akimsimulia Simoni Farisayo habari za wadeni wawili, mmoja wa dinari 500 na mwingine wa 50, anasema walipokosa cha kulipa mkopeshaji "aliwasamehe wote wawili". Kitenzi cha Kigiriki hapo kimetokana na charis, neno lilelile tunalotafsiri neema. Ukitaka kulitamka kwa ukali wake: aliwaneemesha deni lao. Hata ile sala tunayoisali kila siku, tunaposema "makosa yetu", Mathayo aliandika "deni zetu", na Biblia yetu ya Kiswahili imeliacha hivyo: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Makosa ni rahisi kuyasamehe kwa mdomo. Deni lina karatasi.

Kwa mtu wa Masasi jambo hili si geni. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa Kianglikana, alitoka Unguja, akashukia Lindi na kupanda hadi hapa akiwa na watu waliokuwa wametolewa utumwani. Kanisa la huku lilianza na hao. Wao walilijua neno kukomboa kabla hatujaligeuza kuwa neno la mahubiri: unakomboa kilichowekwa rehani, unakomboa mtu aliyeuzwa. Na ninapofikiria kwamba ibada, kwa asili yake ya Kiarabu, inatoka kwenye mzizi mmoja na neno la mtumwa, mzizi uleule ulio katika jina Abdallah, nasimama. Watu waliotoka minyororoni walikubali kuitwa watumishi tena, mara hii wa Bwana ambaye wao ndio waliokuwa na deni kwake, akalifuta. Sidhani kama walikuwa wakifikiria utaratibu wa Misa. Walijua nani amewaachilia.

Kuna ndugu ameniambia hotuba hizi zitaua vikoba. Hapana. Mkopo wa kikundi, wenye riba waliyokubaliana wote na unaomwezesha mtu kusimama, ulipwe, na kulipa ni sehemu ya upendo pia. Ninachokisema ni deni ambalo mwenyewe ukilitazama machoni unajua limeshakuwa kamba. Ninasema kangomba, kumnunulia mtu korosho zake kabla hazijavunwa kwa bei ya njaa yake ya Machi. Serikali imekataza. Sisi Wakristo tusingepaswa kusubiri serikali. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mkutano wao haukuwa Chakula cha Bwana hata kidogo, kwa sababu mmoja alikuwa anashiba na mwenzake ana njaa mezani hapohapo. Nyimbo zao huenda zilikuwa nzuri.

Mzee alirudi tukiwa kwenye matangazo. Komunyo ilikwisha pita. Nilimwomba mhudumu wa madhabahu asizime mishumaa, nikaenda kuchukua Mwili wa Bwana, nikampa akiwa amepiga magoti peke yake, jasho likimtiririka, suruali ina vumbi jekundu mpaka magotini. Kisha akachukua bahasha yake benchini na kuileta mbele. Wazee wawili waliniambia baadaye kwamba nimevunja utaratibu. Nawaheshimu, na niliwajibu kwamba ule ndio utaratibu, neno kwa neno: kisha urudi uitoe.

Siku ya tatu jirani alikwenda kwa mzee na jogoo chini ya kwapa. Mzee akaja kuniuliza kama ampokee, maana aliogopa ataonekana amelipwa. Nikamwambia mpokee, tena mmchinje pamoja, na mwachie jirani kisu ili wote mle kwa amani. Ujira unakuja kwa sababu ya mkataba. Jogoo yule alikuja wakati mkataba haupo tena. Hiyo ni shukrani, na sisi chakula chetu kikuu tumekiita kwa jina hilohilo: Ekaristi maana yake ni kushukuru, na ukilifungua neno la Kigiriki utaikuta charis imekaa katikati yake. Neema ikishuka kwa mtu, inapanda tena ikiwa shukrani. Wimbo, ubani, magoti, hata vigelegele vya kina mama wakati wa matoleo, ni jogoo yule.

Tangu hapo nimebadili kitu kimoja kidogo. Kabla ya kusema "Amani ya Bwana iwe nanyi" tunakaa kimya dakika mbili nzima, mlango mkubwa ukiwa wazi. Dakika mbili ni ndefu kanisani. Unasikia bibo likianguka juu ya bati.

Jumapili iliyopita walitoka wawili. Mmoja alirudi wakati wa komunyo. Wa pili bado sijamwona, na bahasha yake nimeitunza sakristia, chumba tunachovalia mavazi ya ibada.