Kiazi-sukari Chotara na Baridi Inayoamua Mavuno

Mkulima wa kaskazini mwa Ufaransa hupanda kiazi-sukari, zao ambalo mzizi wake hutengenezwa sukari, kati ya Machi na Aprili, baridi kali inapolegea, akaanza kuvuna Septemba. Mwenzake wa Kafr el-Sheikh, katika Delta ya mto Naili nchini Misri, husubiri joto la kiangazi lipungue ndipo apande, akang'oa mazao yake mwaka unaofuata kabla jua kali halijarudi. Zao ni lilelile, ndugu mweupe wa bitiruti, lakini mbegu chotara iliyozalishwa kwa ajili ya shamba la kwanza haifai kupelekwa katika la pili.

Kwa asili mmea huu huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza hujaza sukari mzizini, na wa pili huitumia sukari hiyohiyo kutoa maua na mbegu. Kinachouvusha ni baridi ya wiki kadhaa, ikifuatwa na siku ndefu. Aina ya Ufaransa ikipandwa Oktoba hupitia baridi ingali changa, na siku zinaporefuka hupandisha bua la maua badala ya kunenepesha mzizi. Ukiukata mzizi wa namna hiyo, kisu hukwama kwenye nyuzi ngumu kama mti, na sukari imepungua. Kwa hiyo mashamba ya Misri, Moroko na Andalusia, kusini mwa Hispania, yanahitaji chotara zenye uwezo mkubwa wa kuvumilia baridi bila kutoa bua, kama yalivyohitaji yale ya bonde la Imperial huko California hadi kilimo hicho kilipokoma huko mwaka 2025.

Joto likichanganyika na unyevu huleta ugonjwa wa madoa ya majani unaosababishwa na kuvu wa Sekospora. Mmea ulioungua majani hulazimika kuchipusha mengine kwa akiba yake wenyewe, na mizizi huonekana minene ilhali sukari ni haba. Ninapochagua chotara za maeneo yenye joto na unyevu, mimi hutanguliza ukinzani wa ugonjwa kuliko uzito wa mavuno.

Baridi hiyohiyo inayomtia hasara mkulima wa mizizi ndiyo tegemeo la mzalishaji wa mbegu. Mbegu chotara nyingi za Ulaya hutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Italia, na za Marekani katika bonde la Willamette, Oregon, ambako baridi inatosha kuamsha maua bila kuua miche. Katika nyanda za chini karibu na ikweta, pasipo baridi hiyo wala siku ndefu, kiazi-sukari huendelea kuota majani tu, na mbegu ya kila msimu haina budi kuagizwa kutoka nje.