Chenga za televisheni na intaneti ya kijijini

Waliokulia na televisheni za zamani wanakumbuka: unazungusha kitufe, unapata stesheni mbili tatu, kwingine kote chenga tupu. Zile chenga zilikuwa na habari. Mara nyingi zilimaanisha kwamba pale ulipo hakuna anayerusha matangazo kwenye chaneli hiyo. Na chaneli iliyo wazi hivyo inaweza kubeba intaneti hadi kijijini.

Vijijini chaneli wazi ni nyingi kuliko mijini, na ziliongezeka Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, kwa kuwa chaneli moja ya dijitali, yenye upana wa megahazi 8, hubeba stesheni kadhaa.

Kiswahili kina neno moja, masafa, kwa umbali na kwa mawimbi ya redio yanayobeba matangazo, na hapa maana zote mbili zinakutana. Wi-Fi ya kawaida hutumia gigahazi 2.4, wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, na miti na kuta hulidhoofisha upesi. Wimbi la televisheni la megahazi 500 lina sentimita 60. Hilo hupita kwenye majani, hujipinda kidogo ukingoni mwa kilima na kufika kilomita kadhaa kutoka mnara mmoja. Karibu na Nanyuki, Laikipia, mradi wa Mawingu wa mwaka 2013, wa serikali ya Kenya, Microsoft na Indigo Telecom, uliunganisha shule na zahanati hivyo, kwa mitambo ya sola.

Lakini chaneli kuwa wazi haina maana kila mtu ajirushie. Kifaa cha kurusha intaneti hutambua kwanza mahali kilipo, kisha huuliza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za kompyuta, chaneli zipi ziko huru hapo na kwa nguvu kiasi gani. Jibu likipitwa na muda, kinauliza tena.

Kwa nini kisisikilize chenyewe? Chukua kifaa kilichowekwa bondeni. Kilima kimekikinga na mnara wa televisheni, kwa hiyo hakisikii kitu na kinadhani chaneli ni huru. Kumbe juu ya kilima kuna nyumba yenye antena inayopokea chaneli hiyo hiyo, na kifaa kikianza kurusha, taarifa ya habari inakatika kwa watu wasiojua hata aliyewaharibia.

Simu yako haitanasa mawimbi haya moja kwa moja. Antena ya paani mwa shule ndiyo huyapokea, kisha Wi-Fi ya kawaida husambaza intaneti madarasani. Na chaneli moja ya megahazi 8 ni nyembamba: kijiji kizima kikifungua video kwa pamoja, itazidiwa.