"Nipe wenye mizizi, sitaki kuua mti"

Nina kitalu cha miche huku Arusha na kila Desemba ikishafika tarehe 10 najua wiki mbili zinazofuata nitasikia maneno yale yale mpaka masikio yaume: "bosi nipe wenye mizizi, mimi sitaki kuua mti." Wanataka msaiprasi wa Krismasi ulio hai kwenye kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche), sio uliokatwa. Nauza, biashara ni biashara. Ila Februari watu wale wale wananipigia simu, mti umekauka, umeniuzia mbovu. Safari hii naandika kabla hawajaja.

Dhana: ukinunua msaiprasi kwenye kiriba umeokoa mti

Umeokoa nini sasa? Mche ulikuwa unaishi zake vizuri kitaluni, jua unapata, maji asubuhi na jioni, wewe ndo umeuchukua ukauweka kona ya sebule yenye pazia zito, ukauviringishia taa, feni inaupiga usiku kucha, na anayekumbuka kumwagilia ni dada wa kazi peke yake na yeye sikukuu kaenda kwao. Wiki tatu hivyo. Msaiprasi sio ua la ndani jamani, ni mti wa jua na ubaridi wa mlimani, na ubaya wake hausemi mapema, mizizi inaweza kuwa imeshakauka na majani bado kijani kabisa, ndo maana Januari unautoa nje unaona uko poa, unaupanda, mwezi mmoja baadaye unageuka rangi ya kahawia na lawama zinakuja kwangu.

Hiyo Januari yenyewe ni kosa la pili. Huku kaskazini vuli inakuwa imeshakata, masika hayaji mpaka Machi, hapo katikati ni jua la kupasua kichwa. Nani amekwambia sikukuu ikiisha ndo msimu wa kupanda? Ukiutoa ndani uweke kivulini wiki mbili, sio juani moja kwa moja, umezoea giza huo. Halafu usogeze juani taratibu ukiwa bado kwenye kiriba chake, mwagilia, subiri mvua za masika zishike vizuri ndo uchimbe shimo. Na CHANA KIRIBA. Naandika kwa herufi kubwa sababu nimeshaitwa kuangalia mti uliokufa, nikafukua, nikakuta kiriba kizima huko chini na mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi.

Alafu kuna ile michezo ya barabarani, mtu kang'oa mti shambani jana, kakata mizizi karibu yote, kashindilia kwenye ndoo na udongo, leo anakuuzia "wenye mizizi". Huo hauna tofauti na uliokatwa, tofauti ni bei tu. Shika shina utikise kidogo, ukiona linacheza peke yake kwenye udongo, achana nao. Mche uliokulia kwenye kiriba unatikisika pamoja na udongo wake wote na mara nyingi mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini.

Tuseme umefanya yote hayo vizuri. Utaupanda wapi? Msaiprasi unapita mita 20 ukiachwa, watu wanaupanda hatua tatu kutoka ukutani, chini ya nyaya za umeme, wengine karibu na chemchemi, miaka kumi baadaye wanatafuta mtu wa kuuangusha. Kama huna eneo, au huwezi kuuweka ndani wiki moja tu, siku kumi mwisho kabisa, usinunue wenye mizizi, kwa kweli usinunue.

Nunua nini basi? Usinunue. Hapa najiharibia biashara lakini ndo ushauri wangu kila mwaka: tafuta jirani mwenye ua wa misaiprasi. Nyumba ngapi huku Arusha na Moshi zina hizo fensi, na watu wanapogoa ili Desemba wageni wa kutoka Dar wakute pamependeza, matawi yanatupwa. Omba tawi moja lililonyooka, kata tena kitako kidogo ukifika nyumbani, lisimamishe kwenye ndoo yenye mawe na maji, ongeza maji kila siku. Wazee wetu walifanya hivyo miaka yote. Likiisha kazi likatekate utandaze chini ya miti au uwe kuni, ila usiwape ng'ombe. Kama unapogoa wa kwako usikate mpaka ndani kwenye kuni kavu isiyo na majani, msaiprasi hauchipui tena hapo, utabaki na tundu kwenye fensi. Na usiende kukata ncha ya mti wa mbao wa mtu, huo utatoa vichwa viwili na gogo limeharibika.

Dhana: plastiki ndo rafiki wa mazingira maana haukatwi mti

Shirika la mazingira la Carbon Trust la Uingereza walipiga hesabu: mti wa plastiki wa mita 2 ni kama kilo 40 za hewa ukaa, mti halisi wa urefu huo ukiuchoma au kuusaga baada ya sikukuu ni kilo 3.5 hivi, ukiutupa dampo ukaoza huko ni 16. Hesabu ya kwao hiyo, lakini picha unaipata, wa plastiki inabidi uutumie zaidi ya Krismasi kumi. Kama unao kabatini, endelea nao mpaka usambaratike, sina ugomvi na wewe. Ugomvi ni yule anayebadilisha kila miaka miwili sababu ya rangi. Na usiuchome, mingi ni plastiki ya PVC, moshi wake ni sumu.

Dhana: kila mti wa Krismasi ni msitu wa asili umekatwa

Hapana. Msaiprasi asili yake Mexico na Amerika ya Kati, huku unapandwa kama zao. Wa kuogopa kuukata ni mtarakwa, huo ndo wa kwetu, uko Meru na Kilimanjaro na wengi wanauchanganya na msaiprasi. Angalia matunda, mtarakwa una vitunda vidogo laini vya bluu bluu, msaiprasi una vifundo vigumu kama mbao. Ukiona vya bluu, rudisha panga.

Dhana: lazima uwe msaiprasi

Watu wa Dar na Tanga, mnasafirisha msaiprasi kwenye basi wa nini wakati mvinje uko hapo hapo ufukweni kwenu? Au araukaria kwenye chungu, huo unavumilia ndani kuliko msaiprasi, unakua polepole, unautumia miaka kadhaa.

Na kama umeshanunua kwangu au kwa mwingine, na sasa hivi uko sebuleni majani ya chini yanapukutika ukigusa, toa taa, utoe nje leo, weka kivulini, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya kiriba. Usisubiri tarehe 25.