Usimtafute Burton kwenye B

Ukimtafuta mpelelezi Richard Burton kwenye Dictionary of National Biography, ile kamusi kubwa ya wasifu wa Waingereza yenye majuzuu 63, utakuta hayupo. John Speke, mpelelezi mwenzake, yumo. Hawa wawili waliondoka Pwani pamoja mwaka 1857 wakaelekea Ziwa Tanganyika, baadaye wakagombana vibaya juu ya chanzo cha Nile, na sasa kamusi inaonekana kumpokea mmoja na kumfungia mwenzake mlango. Wasomaji wanaofika kwenye dawati langu la vitabu vya rejea hunusa fitina. Hakuna fitina. Ni alfabeti tu.

Kamusi hii haikuandikwa yote ndipo ichapwe. Mchapishaji George Smith alimkabidhi Leslie Stephen uhariri mwaka 1882, juzuu la kwanza likatoka Januari 1885, na tangu hapo likawa linatoka moja kila baada ya miezi mitatu hadi mwaka 1900. Sharti la kuingia: uwe umeshakufa. Juzuu la 8, ambalo ndilo linaloanza na akina Burton, lilitoka 1886. Richard Burton akafa Trieste Oktoba 1890. Gari lilikuwa limeshapita kituo chake. Speke, aliyefariki 1864, alisubiri zamu ya herufi S akaingia bila taabu mwaka 1898. Mshairi Robert Browning, aliyekufa Desemba 1889, alipatwa na yaleyale ya Burton. Hata Gladstone, waziri mkuu mara nne, alichelewa kufa.

Wote hao waliochelewa wamo kwenye nyongeza ya majuzuu matatu iliyotolewa mwaka 1901, pamoja na Malkia Victoria. Kwa hiyo ukifika mbele ya rafu, hesabu kwanza. Ukiona majuzuu 63, uliza nyongeza iko wapi; maktaba nyingine huiweka rafu tofauti kabisa. Ukiona 22, hilo ni toleo jipya la 1908 na 1909, na nyongeza ndiyo juzuu la 22. Usiandike kwamba fulani “alisahauliwa” kabla ya kufungua huko.

Waliosahauliwa kweli wapo. Gerard Manley Hopkins alikufa 1889, kabla H haijafika, na bado hakuingizwa. Mashairi yake yalikuwa hayajachapwa kitabu. Alikuja kuingia mwaka 1993, kwenye juzuu maalumu la watu walioachwa.

Gharama zote alibeba Smith mwenyewe, naye alijua atapata hasara. Fedha aliipata kwingine, ikiwemo biashara ya maji ya chupa ya Apollinaris. Nalipenda sana jambo hili: kumbukumbu ya taifa zima ikilipiwa na maji ya kunywa. Stephen, baba yake mwandishi Virginia Woolf, kazi ilimvunja afya akaiacha mwaka 1891, Sidney Lee akaimaliza.

Toleo jipya la Oxford la mwaka 2004, majuzuu 60, halikumtoa hata mtu mmoja wa zamani, ila makala mengi yaliandikwa upya. Kwa tarehe na ukweli wa mambo, tumia hilo. La zamani mimi silitoi rafuni, kwa sababu ndani yake unamsikia Mwingereza wa wakati wa Victoria akiamua nani alistahili heshima na nani alistahili kukaripiwa. Tena unaweza kujua anayekaripia ni nani: kila makala huishia na herufi za mwanzo za jina la mwandishi, na ufunguo wake uko mwanzoni mwa juzuu.

Kwa wanawake ongeza subira. Ni wachache mno, na baadhi wamewekwa chini ya jina la mume. Mary Wollstonecraft, aliyetetea haki za wanawake mwaka 1792 na kuolewa miezi michache tu kabla ya kifo chake, yuko kwenye G, kama Bi. Godwin. Herufi zilizo mwishoni mwa makala hayo ni L. S., yaani Leslie Stephen mwenyewe.