Anayejulikana shuleni na anayependwa

Siku ya wazazi bwenini, mama mmoja alinivuta pembeni. "Matroni, mwanangu wenzake hawampendi. Tatizo ni sisi, hatuna uwezo." Dhana hii naisikia kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mzazi huishia kukopa ili anunue viatu vya bei mbaya.

Viatu vitamfanya mtoto atazamwe wiki moja. Kupendwa kuna njia yake. Mwaka 1982 watafiti watatu wa Marekani, Coie, Dodge na Coppotelli, walichapisha utafiti ambamo waliwaomba wanafunzi wataje wenzao watatu wanaowapenda zaidi na watatu wasiowapenda. Sura nzuri ilichangia, tusidanganyane. Ila waliopendwa ndio walioshirikiana na wenzao na kuwasaidia, na waliokataliwa ni wagomvi na wavurugaji. Wakaonekana pia watoto waliotajwa sana pande zote mbili: kila mtu anawajua, nusu hawawataki. Hao ndio sisi watu wazima huwaita "maarufu", tukadhani wanapendwa na darasa zima.

Dhana nyingine: "Kipanga, yule hodari wa masomo, hana rafiki." Bwenini kwangu si hivyo. Kipanga anayebaki baada ya prepo kuwaelekeza wenzake hesabu huwekewa nafasi mezani. Anayekwepwa ni yule anayeficha daftari, na mnoko. Lakini shule hutofautiana, na hili mzazi alijue: mwanasosholojia James Coleman alipochunguza shule kumi za Illinois, Marekani, matokeo aliyoyatoa mwaka 1961 yalionyesha kuwa wavulana wengi walitaka kukumbukwa kama nyota wa michezo kuliko kama wanafunzi hodari. Kwetu anayerudi kutoka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hupokelewa kwa shangwe kweli, ila mtihani wa Kidato cha Nne ukikaribia, foleni huhamia kwenye kitanda cha kipanga.

Na hii: "Aliyechangamka mapema atafika mbali." Anayeanza mapenzi na utundu wa kikubwa akiwa na miaka 13 huonekana mjanja, na wadogo zake humwiga. Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwafuatilia vijana 184 tangu umri huo hadi miaka 23. Umaarufu wa watoto wa namna hiyo ulififia kabla hawajamaliza ujana, na walipofika miaka 23 matatizo ya pombe, dawa za kulevya na uhalifu yaliwaandama zaidi kuliko wenzao.

Na mkimya? Wengi hudhani ametengwa. Kutotajwa si kuchukiwa, na rafiki mmoja wa kweli humtosha mtoto wa namna hiyo. Binti wa yule mama ni mkimya hasa. Muhula uliopita alipopandwa na homa usiku, waliokuja kugonga mlango wangu walikuwa wawili, mmoja peku, shuka lake mwenyewe amemfunika mgonjwa. Nilimweleza mama hivyo, naye akaomba kuonyeshwa hao wawili ni akina nani.