"Kata mti, panda mti"? Siyo kwenye mipingo ya Lindi

Kuanzia Kilwa hadi Liwale, mkutano wa kijiji hauishi bila mtu kusimama na kuuliza: "Bwana misitu, hawa wakishakata mipingo yetu, watapanda mingapi?" Watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anatikisa kichwa kuafiki. Mnunuzi, ambaye anajua vizuri watu wanataka kusikia nini, anaahidi miche elfu moja. Halafu mimi naachiwa kazi ya kueleza, kwa mara nyingine tena, kwamba miche hiyo haihitajiki.

"Kata mti, panda mti" ni kauli nzuri kwa shamba la miti. Rondo kwenye mitiki, au Sao Hill kwenye misonobari, huvunwa eneo zima mpaka ardhi ikabaki wazi, na wasipopanda wataota magugu tu. Msitu wa miombo, yaani msitu wetu wa asili, hauvunwi hivyo. Tunachukua mti mmoja hapa, mwingine kule mbali, na majirani zake wote wanabaki wamesimama, ikiwamo mipingo ambayo haijafika kipenyo cha kuvunwa na ile iliyoachwa kwa ajili ya mbegu. Mpingo huchipua kwenye kisiki, huchipua pia kwenye mizizi hatua kadhaa kutoka kisiki kilipo, na maganda yake mepesi ya mbegu hupeperushwa na upepo. Mninga ndio wa ajabu zaidi: mche wake hukauka juu kila kiangazi, mwaka hadi mwaka, huku mzizi ukinenepa chini, mpaka upate nguvu ya kupanda juu bila kurudi. Mwenye haraka akipita hapo ataona nyasi na vijiti vilivyoungua, kisha ataandika kwenye ripoti kwamba eneo halina miche.

Ndiyo maana nikienda msituni na kamati ya maliasili nawapigisha magoti kwanza. Tunatafuta kisiki cha zamani, tunapekua nyasi kwa mikono kukizunguka. Chipukizi la mpingo lipo, limefika magotini, lina miiba, majani madogo. Fukua udongo kidogo chini yake: kijiti chembamba kama penseli kimekaa juu ya mzizi mnene kuliko kidole gumba. Pale vinapoungana pana weusi wa masizi. Chipukizi hilo si la mwaka jana. Limeungua, likaanza upya, likaungua tena, na mzizi wenyewe haujawahi kukata tamaa.

Kwa hiyo adui ni moto wa mwisho wa kiangazi, siyo msumeno uliopita na kibali. Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kabisa, watu wanachoma mashamba mapya, mwindaji anataka kuona mbali, mrina asali anaacha mwenge unawaka. Moto wa wakati huo unapanda mpaka kwenye matawi, na kila chipukizi linarudi sifuri. Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: kabla kijiji hakijaomba mche hata mmoja, kiombe viberiti. Chomeni mapema, Mei hadi mwanzoni mwa Julai, nyasi zikiwa nusu kijani. Anzeni kwenye mipaka na njia, jioni upepo ukitulia, ili umande wa usiku uuzime wenyewe. Moto huo unatambaa chini, unakula nyasi, na mwezi wa tisa moto mkali ukija unakuta hakuna cha kula. Fedha ya miche inunue pampu za mgongoni, buti, na posho ya doria.

Sherehe za kupanda nazo nizitaje. Siku ya taifa ya upandaji miti ni 1 Aprili. Kwetu Lindi na Mtwara mvua wakati huo ziko ukingoni. Mche unatolewa kwenye kiriba, mgeni rasmi anamwagilia, picha zinapigwa, halafu unasubiri mvua ya Desemba. Baya zaidi ni pale ninapokuta kijiji kimefyeka miombo ili kipate nafasi ya kupanda mitiki, na kimepongezwa kwa hilo! Sina ugomvi na mitiki. Ipande kwenye shamba lililochoka au kuzunguka mji wako.

Kinachozuia mipingo kuisha ni hesabu. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, kwa hiyo kijiji hufanya tathmini ya msitu, hupanga kiasi cha kuvuna kwa mwaka, na mti ambao haujafika kipenyo cha sentimita 24 usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, hauguswi. Mti ukianguka, nyundo yenye alama inagongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, ili atakayekuja kukagua aweze kuoanisha viwili hivyo. Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, walipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, mwaka 2009 kupitia MCDI, shirika linalosaidia vijiji kusimamia misitu yao, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mkaguzi wa cheti cha namna hiyo huuliza mpango, stakabadhi na visiki. Bado sijamsikia anayeanza na kitalu cha miche.

Kauli nyingine ninazozisikia mikutanoni nazipitia haraka.

"Tukitenga msitu, serikali imeuchukua." Ni kinyume chake. Kwa Sheria ya Misitu ya 2002, msitu wa hifadhi wa kijiji ni wa kijiji: mkutano mkuu ndio unaopitisha mpango na sheria ndogo, na mauzo yanaingia kwenye akaunti ya kijiji. Msitu usiotengwa ndio unaoliwa na wengine. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, malori yalibeba magogo ya kusini usiku na mchana, na ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya mimea na wanyamapori, ilionyesha jinsi sehemu kubwa mno ya mapato ya magogo hayo ilivyopotea. Vijiji vingi viliambulia vumbi. Nendeni kijiji cha Nanjirinji A, Kilwa, kinachouza miti ya msitu wake, mkaulize majengo ya kijiji yamejengwa kwa fedha gani.

"Mkaa ndio unaomaliza misitu." Mkaa una lawama zake, hasa karibu na miji. Lakini huku kwetu msitu mwingi unaondoka kwa ajili ya shamba, na ufuta ndio unaoongoza. Kisiki cha mchoma mkaa kikiachwa kinachipua. Cha mkulima kinang'olewa na kuchomwa, na baada ya misimu michache anahamia pori jingine kwa sababu palipo papya hapana magugu. Msitu usioingizia kijiji hata shilingi hauwezi kushindana na gunia la ufuta mnadani. Hili halipigiwi makofi mkutanini, maana karibu kila aliyekaa pale, mwenyekiti akiwamo, ana ekari zake za ufuta.

"Mpingo mnene ndio wenye hela." Mara nyingi mnene una pango ndani. Anayetengeneza klarineti na obo anataka kiini cheusi, kilichonyooka, kisicho na ufa. Unene peke yake haumsaidii. Gongeni shina kwa kisigino cha shoka kabla msumeno haujawashwa. Ukisikia uwazi, mti huo uacheni usimame. Utaendelea kutoa mbegu, nyuki watapata makao, na kijiji hakitapoteza nafasi katika mgawo wa mwaka kwa gogo ambalo mnunuzi atalikataa.