Mkato wa kibodi: kitufe kikibonyezwa, nani hukipokea kwanza?

Mkato wa kibodi ni kitufe kimoja, au vitufe kadhaa vinavyobonyezwa pamoja, ambavyo programu huvichukua kuwa amri badala ya maandishi. Anayebonyeza Ctrl na S hakusudii kuandika herufi; anaiagiza programu ihifadhi kazi yake. Kwa mtumiaji maana hiyo inatosha. Kwa anayeandika programu yenye madirisha, menyu na visanduku vya maandishi, kuna swali la pili, nalo ndilo gumu: kitufe kikishabonyezwa, ni sehemu gani ya programu itakayokipokea kwanza, na ikishakipokea itakizuia au itakiachilia kiendelee mbele?

Kibodi yenyewe haijui herufi. Hutuma namba ya kitufe kilichoguswa, na mfumo endeshi huitafsiri namba hiyo kwa kufuata mpangilio wa kibodi uliochaguliwa kwenye mashine. Habari hiyo, ambayo waandishi wa programu huiita tukio, hupelekwa kwa dirisha linalotumika, nalo huikabidhi kwa kijenzi chenye fokasi, yaani ile sehemu ya dirisha inayosikiliza kibodi kwa wakati huo, kama vile kisanduku ambamo kishale kinawaka na kuzima.

Uzito wa jambo hili niliuonja katika duka moja la pembejeo hapa Nakuru, nilipoandika programu ndogo ya mauzo kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kutengenezea madirisha. Dirisha lilikuwa na jedwali la bidhaa zilizouzwa, na juu yake kisanduku cha jina la mteja. Nilitaka kitufe cha Delete kifute mstari uliochaguliwa jedwalini, nikakifunga, yaani nikakiunganisha na agizo hilo, kwenye dirisha zima. Siku moja keshia alikosea jina la mkulima, akarudisha kishale nyuma na kubonyeza Delete ili aondoe herufi moja. Herufi iliondoka, na mstari wa mifuko miwili ya mbolea ya DAP ukaondoka nayo. Alikuja kugundua mkulima alipokuwa akihesabu pesa.

Katika Tkinter, tukio hupita ngazi nne kwa zamu: kijenzi chenyewe, kisha aina ya kijenzi hicho, kisha dirisha lililokibeba, na mwisho ngazi ya vijenzi vyote. Kila ngazi yenye agizo kuhusu kitufe kilichobonyezwa hulitekeleza, isipokuwa pale ambapo agizo lililotangulia limerudisha neno break, ambalo hulikatiza tukio lisiendelee. Kisanduku kilifuta herufi kwa sababu ndivyo visanduku vyote vya aina yake vinavyofanya, kisha dirisha likafuta mstari kwa sababu ndivyo nilivyoliagiza. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi. Niliuondoa mkato ule kwenye dirisha na kuufunga kwenye jedwali pekee, ili usikike tu pale jedwali linapokuwa na fokasi.

Zana nyingine zina taratibu zake, na ni lazima mtu azisome kabla ya kuandika chochote. Swing ya Java hutafuta kwanza kwenye kijenzi chenye fokasi, kisha kwa vijenzi vinavyokibeba, ndipo kwenye dirisha zima, na tendo likipatikana na kutekelezwa utafutaji hukoma. Qt ikikuta mikato miwili yenye vitufe vilevile na yote miwili inasikika mahali pamoja, haiteui mmoja. Hutoa ishara kwamba kuna utata, na mtumiaji huona kama kwamba kitufe kimekufa. Vyovyote iwavyo, mimi sifungi tena kwenye dirisha zima kitufe ambacho watu hukitumia kusahihishia maandishi: Delete, Enter, mishale, wala herufi isiyoandamana na Ctrl au Alt.

Jambo jingine ni kwamba mkato hufaa ufungwe kwenye tendo, si kwenye msimbo uliotawanyika. Kuhifadhi kuwe tendo moja lenye jina, kisha menyu, kitufe cha kubofya na Ctrl+S vyote vilielekee. Tendo hilo likizimwa kwa kuwa hakuna cha kuhifadhi, njia zote tatu huzimika pamoja. Qt na Swing zina kitu maalumu cha kazi hii.

Yapo pia mambo madogo yanayosumbua kwa muda mrefu. Keshia yule huandika majina yote kwa herufi kubwa, kwa hiyo Caps Lock yake huwashwa asubuhi hadi jioni. Tkinter huhesabu Control-s na Control-S kuwa vitu viwili, na mkato niliokuwa nimeuandika kwa s ndogo haukumtii hata mara moja. Sharti vyote viwili vifungwe. Tena, kidole kikikawia juu ya kitufe, mfumo hurudia kutuma tukio lilelile, na Ctrl+P inaweza kuchapisha risiti tatu badala ya moja usipoweka kizuizi.

Kuna na suala la mpangilio. Kwenye vipakatalishi vya mitumba vinavyouzwa Kisumu na Nakuru hukosi vilivyotumika Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. Mashine ikiachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, anayebonyeza Ctrl na kitufe kilichoandikwa Z hupeleka Ctrl+Y, ambayo katika programu nyingi hurudia tendo badala ya kulitendua. Kishawishi huwa ni kuisikiliza namba ya kitufe badala ya herufi. Nadhani hilo ni kosa, kwa maana mwenye mashine akija kurekebisha mpangilio kwenye mfumo endeshi, mkato uliofungwa kwa herufi utalifuata andiko la kitufe bila programu kuguswa, lakini uliofungwa kwa namba ya Z ya Kimarekani utabaki kwenye kitufe kilichoandikwa Y.